Kurejesha misitu ya asili kwa nguvu za wanakijiji Dodoma na Kanda ya Kati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayojirudia katika mikutano ya vijiji, ofisi za kata na mashambani, katika mikoa ya Dodoma na Singida, kila inapozungumzwa habari ya kurudisha uoto wa asili na makazi ya wanyamapori. Yameanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yenye utata. Pale jibu moja linapotegemea jingine, msomaji ameelekezwa kwenye namba ya swali linalohusika.

## Mambo ya msingi

1. Kurejesha msitu kwa njia shirikishi ni nini, na kuna tofauti gani na kampeni ya kupanda miti?

Kampeni ya kupanda miti huhesabu miche iliyotiwa ardhini siku hiyo. Kurejesha msitu ni kuurudisha uoto mzima, yaani miti mikubwa, vichaka, nyasi, udongo unaoshika maji, pamoja na wadudu, ndege na wanyama wanaoishi humo. Njia inakuwa shirikishi pale wanakijiji wenye ardhi wanapokuwa ndio wanaochagua eneo, kutunga masharti, kufanya doria na kunufaika na mazao yake.

Kwa Kanda ya Kati tofauti hii ina uzito mkubwa. Miche mingi inayopandwa hufa kiangazi cha kwanza kwa kukosa maji, kuliwa na mbuzi au kushambuliwa na mchwa, ilhali chini ya ardhi hiyo hiyo imo mizizi hai ya miti iliyokatwa miaka mingi iliyopita, ambayo huchipua kila masika na kukatwa tena kwa jembe, panga au meno ya mifugo. Kwa sababu hiyo majibu mengi hapa chini yanafuata mpangilio mmoja: kwanza kulinda kilichopo, kisha kusaidia kinachochipua, na mwisho kupanda pale ambapo hakuna kilichobaki.

2. Dodoma ni eneo kame. Je, ni kweli liliwahi kuwa na msitu?

Ndiyo, ingawa si msitu wa aina moja. Sehemu kubwa ya Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka katika msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua hiyo inatosha kulea miti inayopukutisha majani kiangazi: migunga, mibuyu, mikwaju na mikole katika nyanda za chini, na miti ya miombo kwenye vilima na kuelekea magharibi. Manyoni na Itigi kuna vichaka vya Itigi, uoto mnene wa miti mifupi ambao duniani hupatikana hapo na katika eneo dogo la mpakani mwa kaskazini mwa Zambia. Kusini mashariki, katika wilaya ya Mpwapwa, yapo mawanda ya juu ya milima ya Rubeho, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambako msitu hubaki wa kijani mwaka mzima. Huko Rubeho ndiko aliko kwale wa msituni ambaye wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 2003.

Uoto huo umepungua kwa sababu zinazofahamika na kila mkazi: mashamba mapya ya mtama, uwele, alizeti na ufuta, kuni na mkaa, nguzo za kujengea nyumba za tembe, malisho yaliyozidi uwezo wa ardhi, na moto wa kiangazi. Kukua kwa jiji la Dodoma tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016 kumeongeza mahitaji ya mkaa, na magunia yanayoonekana kando ya barabara kuu ni ushahidi wa wazi. Kitaifa, makadirio rasmi ya kati ya mwaka 2002 na 2013 yalionyesha kuwa Tanzania Bara ilikuwa inapoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka.

3. Kisiki hai ni nini, na kinafanywaje?

Kisiki hai ni njia ya kukuza tena miti kutoka kwenye visiki, mizizi na mbegu zilizomo ardhini, bila kitalu wala kumwagilia. Njia hii ilipata umaarufu nchini Niger kuanzia mwaka 1983 kwa juhudi za Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia. Wakulima wa huko waliifuata hata mashamba ya hekta zipatazo milioni 5 yakapata miti tena. Mkoani Dodoma imeenezwa kwa nguvu tangu mwaka 2018 na taasisi ya LEAD Foundation ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuifundisha, na inafaa ionyeshwe kwa vitendo shambani. Kisiki cha mgunga au mkole kilichoachwa kwa misimu miwili huwa na machipukizi kumi, ishirini au zaidi yanayosongamana kama kichaka. Chagua mawili au matatu yaliyonyooka, manene, yaliyoshikamana vizuri na kisiki chini kabisa karibu na udongo, kwa kuwa yale yaliyotokea juu ya kisiki hung'oka kwa upepo. Kata mengine yote kwa panga au msumeno mkali, ukielekeza kata juu ili gome lisichanike. Kisha pogoa matawi ya pembeni ya yale uliyoyaacha, hadi nusu ya kimo chake, usizidishe. Funga kitambaa cha rangi inayoonekana kwa mbali, ili mpita njia na mchungaji wajue kwamba mti huo una mwenyewe. Rudi baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya, maana kisiki hakiachi kuchipua.

Matawi yaliyokatwa ni kuni za mwaka wa kwanza, au yanaweza kutandazwa juu ya udongo kuuzuia usichukuliwe na maji. Mkulima anayehofia kivuli juu ya mtama wake aanze na miti michache yenye majani madogo, hasa migunga, na aone mwenyewe kabla ya kuongeza.

4. Je, kuna mifano ya hapa kwetu inayoonyesha kwamba ardhi iliyochoka inaweza kurudi?

Mfano wa karibu kabisa ni Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, unaojulikana kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973 baada ya makorongo kuila ardhi ya Warangi kiasi kwamba mashamba yalikuwa yakikatwa vipande na mchanga ukifunika mabonde. Baada ya matuta na upandaji wa miti kutotosha, mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote katika eneo lililoathirika, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi zilirudi kwanza, zikafuatiwa na vichaka na kisha miti, na makorongo mengi yakatulia kwa sababu maji ya mvua hayakushuka tena kwa kasi ile ya awali. Baadaye ng'ombe waliruhusiwa kurudi kwa kufugwa zizini na kukatiwa majani.

Kondoa inafundisha mambo mawili kwa pamoja, na ni makosa kutaja moja na kuficha la pili. Ardhi ilithibitisha kuwa ina uwezo mkubwa wa kujirudi ikipumzishwa. Lakini amri ilitoka juu, na familia zilizotegemea mifugo zilibeba gharama ambayo hazikushauriwa kuhusu mgawanyo wake. Ndiyo maana mifano iliyofuata ilianza na wanakijiji wenyewe. Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulijengwa juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi, na zaidi ya hekta 300,000 zikarejeshwa. Babati, vijiji vinavyozunguka msitu wa Duru-Haitemba vilikabidhiwa usimamizi wake katikati ya miaka ya 1990, vikifuatwa na vijiji vya Mgori mkoani Singida. Kiteto, vijiji vinavyotunza msitu wa SULEDO vilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002.

## Ardhi, sheria na maamuzi

5. Tukiutunza msitu, utakuwa wa nani? Serikali haitauchukua?

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakitambua kijiji kuwa meneja halali wa msitu uliomo ndani ya ardhi yake, kikiutenga kuwa msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji. Hapo kijiji hutoza ada na faini, hutoa vibali vya kuvuna kulingana na mpango wake, na mapato hubaki kijijini. Utaratibu huu ni tofauti na usimamizi wa pamoja, ambapo msitu ni wa Serikali Kuu au halmashauri ya wilaya na kijiji kinaingia makubaliano ya kusaidia ulinzi na kugawana manufaa. Kabla ya kusaini chochote, wanakijiji waulize waziwazi ni upi kati ya mifumo hii miwili unaozungumzwa, kwa sababu haki zake hazilingani.

Ni kweli pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa Rais mamlaka ya kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, kwa kufuata utaratibu na kulipa fidia. Kinga bora ya kijiji ni nyaraka: cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi bora ya ardhi, ramani yenye mipaka iliyokubaliwa na majirani, na msitu ulioandikishwa wilayani. Baada ya miaka 3 ya usimamizi, kijiji kinaweza kuomba msitu wake utangazwe katika Gazeti la Serikali, na ni vizuri kisiache nafasi hiyo ipite.

6. Ni hatua gani zinafuatwa kutenga msitu wa kijiji?

Halmashauri ya Kijiji hupendekeza eneo, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaoridhia na kuchagua Kamati ya Maliasili kwa kuzingatia uwakilishi wa wanawake na wanaume. Kamati, pamoja na Afisa Misitu wa wilaya, hukagua mipaka, huhesabu rasilimali zilizomo na kuandaa mpango wa usimamizi. Sheria ndogo hutungwa, husomwa mbele ya mkutano mkuu, kisha hupelekwa kwenye Baraza la Madiwani ili zipate nguvu kisheria.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni kutembea mipaka pamoja na kijiji jirani, wazee wa pande zote mbili wakiwapo na muhtasari ukasainiwa papo hapo. Migogoro mingi inayoua misitu ya vijiji huanzia hapo (angalia swali la 18).

7. Sheria ndogo zikivunjwa, faini inakwenda wapi?

Inakwenda kwenye akaunti ya kijiji, kwa stakabadhi, na inasomwa katika taarifa ya mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu. Mjumbe wa doria anayepokea faini porini bila stakabadhi huvunja imani ya wanakijiji haraka kuliko anayekata mti. Sehemu ya mapato itengwe wazi kwa posho ya wanaofanya doria, kwa sababu kazi hiyo ni ya hatari na haiwezi kudumu kwa kujitolea peke yake.

8. Wafugaji watakwenda wapi?

Swali hili ndilo linaloamua mafanikio ya mpango mzima, na linapaswa kuulizwa kabla ya mpaka kuchorwa. Wagogo, Warangi, Wamasai, Wabarbaig na Wasukuma wanaofuga katika ukanda huu wana njia za mifugo, mabwawa na chumvi za mifugo zilizozoeleka kwa vizazi, na hifadhi inayofunga njia ya kwenda majini itavunjwa usiku hata kama ina walinzi.

Inawezekana kabisa kuwa na msitu unaoruhusu malisho kwa ratiba. Eneo hugawanywa sehemu tatu au nne, na kila moja hufungwa kwa zamu hadi machipukizi yapite kimo cha mdomo wa mbuzi, kisha ng'ombe huingia kwa idadi na miezi iliyokubaliwa. Mbuzi hucheleweshwa zaidi, kwa kuwa hula ncha za machipukizi. Majani yanaweza pia kukatwa na kupelekwa zizini, jambo ambalo hasa wenye ng'ombe wa maziwa hulikubali mapema. Mfumo wa ngitili uliotajwa katika swali la 4 unafaa kuigwa hapa, kwa sababu haukuanzia kwenye kuifukuza mifugo; ulianzia kwenye kuitunzia chakula cha Agosti hadi Novemba. Vilevile wafugaji wawe na viti katika Kamati ya Maliasili, pamoja na wale wanaohamahama ambao kwa kawaida husahaulika siku ya uchaguzi.

9. Je, ninaweza kukata mninga au mpingo uliomo shambani kwangu?

Usikate kabla ya kumwona Afisa Misitu wa wilaya. Baadhi ya miti ya asili yenye thamani imewekewa ulinzi wa kisheria na huhitaji kibali hata ikiwa nje ya hifadhi, na kusafirisha mbao au mkaa kunahitaji hati ya usafirishaji. Kupogoa machipukizi ya kisiki hai shambani mwako ni jambo jingine, na ni sehemu ya kulea mti.

## Kupanda, pale inapobidi

10. Ni wakati gani tunapaswa kupanda badala ya kusubiri machipukizi?

Pandeni pale ambapo visiki vimeng'olewa kwa trekta, ardhi imelimwa kwa miaka mingi mfululizo, udongo wa juu umeondoka, au aina fulani ya mti imetoweka kabisa na hakuna mti mama karibu wa kuleta mbegu. Kabla ya kuamua, acheni eneo lipumzike msimu mmoja wa mvua bila kulima wala kuchunga, kisha mtembee humo mwezi wa Februari mkihesabu kinachochipua. Kamati nyingi hushangaa kuona kilichokuwa kimejificha, na huokoa fedha za viriba (mifuko ya kuoteshea miche) na maji.

Palipo na udongo mgumu uliofunga, mvua haiingii ardhini, hivyo kupanda kutanguliwe na makinga maji yenye umbo la nusu mwezi yanayotazama mwinuko, au matuta ya fanya juu na fanya chini yanayofuata kontua, yaani mistari ya usawa mmoja wa mwinuko. Nyasi za asili zikipandwa ndani ya makinga hayo hutangulia kuota, na miti huzifuata.

11. Tupande mwezi gani?

Mashimo yachimbwe Oktoba na Novemba, sentimita 60 kwa 60, na miche ipandwe baada ya mvua kulowesha udongo vizuri, kwa kawaida kati ya mwishoni mwa Desemba na katikati ya Januari. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, na inafaa sana kwa mikoa ambayo masika ndiyo kwanza yanashika kasi. Dodoma, tarehe hiyo mvua inakaribia kukatika, na mche uliopandwa siku hiyo unaingia kwenye kiangazi cha miezi saba ukiwa na mizizi isiyozidi urefu wa kiriba. Shule na taasisi zinazotaka kuiadhimisha siku hiyo huku kwetu zingefanya jema kubwa kama zingeitumia kupogoa visiki hai, kukagua miche ya Januari na kuiwekea matandazo.

12. Tupande aina gani? Mwarobaini na mikaratusi inakua haraka. Kwa nini isitoshe?

Mwarobaini ni mti mzuri wa kivuli nyumbani, shuleni na zahanati, na Dodoma imenufaika nao kwa miongo mingi. Lakini asili yake ni Asia, na katika baadhi ya misitu ya pwani yetu umeshaanza kujieneza na kubana miti ya asili, hivyo haufai ndani ya msitu wa hifadhi. Mikaratusi hutumia maji mengi, huliwa na mchwa ikiwa michanga katika maeneo makavu, na haitoi chakula kwa wanyama wetu wengi. Ibaki kwenye viwanja vya nguzo, mbali na vyanzo vya maji. Mathenge, yaani Prosopis juliflora, usipandwe kabisa. Wafugaji wa Baringo nchini Kenya wamepoteza malisho mengi kwa mti huo, ambao uliletwa kwa nia njema ya kupambana na ukame.

Ndani ya eneo la urejeshaji, panda kile kilichokuwapo: migunga, mkwaju, mng'ongo, mkole, mpingo, mbuyu, na kwenye vilima vya miombo, mninga na mkola. Waulizeni wazee ni miti gani ilikuwapo kila mahali utotoni mwao na sasa inatafutwa. Mgunga wa aina ya Faidherbia albida unastahili kutajwa peke yake, kwani hupukutisha majani wakati wa mvua na kuyabeba kiangazi, hivyo hauzibi jua la mazao na maganda yake hulisha mifugo wakati wa njaa ya malisho.

13. Mbegu za mgunga tulizosia hazikuota. Tulikosea wapi?

Huenda ganda lilibaki gumu. Chemsha maji, yaondoe motoni, yamimine juu ya mbegu na uziache humo hadi kesho yake. Zile zilizovimba zisie, na zisizovimba zirudie. Mbegu zilizopitia tumboni mwa mbuzi au ng'ombe na kuokotwa zizini mara nyingi huwa zimeshalainika. Mbegu za mwarobaini zina tabia tofauti kabisa, kwani hufa zikiwekwa wiki chache tu, kwa hiyo husiwa zikiwa mbichi. Mbegu za aina ambazo hazipatikani kijijini zinaweza kuagizwa kupitia Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS.

14. Miche yetu ya mninga imekauka yote hadi chini. Imekufa?

Pengine haijafa. Mninga mchanga una kawaida ya kukausha shina lake kila kiangazi kwa miaka kadhaa ya mwanzo, huku nguvu zote zikienda kwenye mzizi mkuu unaoshuka chini. Mvua zikirudi hutoa shina jipya, linalokauka tena, mpaka mwaka ambao mzizi umeshiba na shina hupanda moja kwa moja bila kurudi nyuma. Anayeutazama Septemba huona kijiti kikavu, na akikifukua polepole kwa mkono hukuta mzizi mnene wenye unyevu. Kwa hiyo msing'oe wala kulima juu yake, na wekeni kigingi pembeni ya kila mche ili palizi isiufagie.

## Wanyamapori

15. Miti ikirudi, wanyama watarudi wenyewe?

Wengine hurudi, kwa mpangilio unaoeleweka. Wadudu na ndege hutangulia, na katika ngitili za Shinyanga watafiti waliorodhesha zaidi ya aina 100 za ndege. Ndege wala matunda na popo ni wapandaji wa miti pia, kwa maana hudondosha mbegu wanapotua, na popo ndio wanaochavusha maua ya mbuyu yanayofunguka usiku. Kwa sababu hiyo mti mmoja mkubwa ulioachwa katikati ya eneo tupu una thamani kubwa, kwani chini yake huanza msitu mdogo.

Wanyama wanaohitaji matundu kwenye miti mizee, kama kasuku wadogo wa kola ya njano wanaotaga ndani ya mibuyu ya Kanda ya Kati, hawawezi kungoja miche ikue. Mibuyu mikongwe iliyopo leo ndiyo nyumba yao pekee, hivyo kulinda mti mzee ni kazi isiyoweza kufidiwa kwa kupanda miche mia. Wanyama wakubwa hurudi pale tu eneo linapoungana na jingine walimo bado, mathalani kuelekea mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero upande wa Kondoa na Chemba, au Muhesi, Kizigo na Rungwa upande wa Manyoni. Kijiji kilicho katikati ya njia hizo kina nafasi ambayo vijiji vingine havina, na pia kina mzigo unaoelezwa katika swali linalofuata.

16. Je, tembo hawatakuja kula mtama wetu?

Wanaweza kuja, na si haki kumwambia mkulima vinginevyo. Panapojulikana kupita tembo, msitu urejeshwe mbali na mashamba, mashamba yapangwe pamoja badala ya kutawanyika ndani ya mapori, na mabwawa ya wanyama yasiwe kando ya makazi. Uzio wa kamba zenye vitambaa vilivyopakwa oili chafu na pilipili, na mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kuzunguka shamba, umesaidia katika vijiji mbalimbali nchini ukihudumiwa kila mara. Ukiachwa bila matunzo, tembo huuzoea.

Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa, chini ya kanuni zilizotolewa mwaka 2011. Malipo hayalingani na hasara, hufuata masharti kama umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na mara nyingi huchelewa. Taarifa ipelekwe mara moja kwa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Wanyamapori, ikiwa na picha na vipimo vya eneo, kabla ya mabaki ya mazao kuondolewa. Kuwinda kwa kulipiza kisasi ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009.

## Kipato wakati msitu unakua

17. Tutaishi kwa nini wakati tunasubiri? Je, nyuki, mkaa na kaboni ni njia za kweli?

Nyuki ni njia ya kweli na ya mapema. Asali ya Singida na Manyoni inajulikana nchi nzima, na Aghondi, wilayani Manyoni, kuna hifadhi maalumu ya nyuki. Mizinga ya mbao itumike badala ya ile ya magome, kwa sababu kubandua gome la mti mzima huuua. Urinaji ufanywe kwa bomba la moshi, maana mienge ya warina asali huanzisha moto mwingi wa porini. Ubuyu, ukwaju na matunda ya mng'ongo navyo huuzika bila kukata kitu.

Mkaa unahitaji mjadala mrefu zaidi. Kupiga marufuku peke yake huusukuma kwenye msitu wa kijiji jirani. Vijiji kadhaa vya Kilosa, mkoani Morogoro, vilionyesha njia ya kuvuna katika vitalu vya mita 50 kwa 50 vilivyopangwa kwa kupishana, kila kilichovunwa kikiachwa miaka 24 kichipue upya, visiki vikiachwa hai na vyanzo vya maji visiguswe. Kilosa, hata hivyo, ina mvua nyingi kuliko Dodoma na misitu mikubwa, kwa hiyo utaratibu huo haufai kuhamishiwa kwenye msitu mdogo wa Bahi au Chamwino ambao ndio kwanza unajirudi. Huku kwetu ni bora kuni zitoke kwenye matawi ya visiki hai, na majiko yabadilike. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Kuhusu kaboni, yaani malipo kwa kutunza miti inayohifadhi hewa ya ukaa, zipo jamii zinazopokea fedha, kama vijiji vya Makame huko Kiteto na Wahadzabe wa bonde la Yaeda. Maeneo hayo ni makubwa, yana hati, na malipo yao yanatokana na kuzuia ukataji wa msitu uliopo. Kijiji chenye hekta chache za machipukizi kisitegemee kulipwa peke yake. Anayewaletea mkataba aulizwe utadumu miaka mingapi, mgawo wa kijiji ni kiasi gani cha bei ya mwisho, nani analipa gharama za vipimo, na itakuwaje msitu ukiungua. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu, na ufuate kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, zinazosimamiwa kwa ushirikiano na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

## Hali zenye utata

18. Kijiji jirani kinakata miti upande wetu wa mpaka. Tufanye nini?

Anzeni na mazungumzo ya halmashauri mbili za vijiji mbele ya Mtendaji wa Kata, mkiwa na muhtasari wa mipaka uliotajwa katika swali la 6. Mara nyingi tatizo ni kwamba jirani alikuwa akiokota kuni hapo miaka yote na hakuna aliyemwambia masharti yamebadilika. Kumpa haki ndogo inayoeleweka, kwa mfano kuni kavu siku fulani, kunapunguza gharama ya doria. Ikishindikana, wilaya ndiyo yenye mamlaka ya kusuluhisha mpaka.

19. Moto uzuiwe kabisa, au uchomaji wa mapema unaruhusiwa?

Inategemea uoto. Majaribio yaliyoanzishwa Ndola, Zambia, mwaka 1933 yalionyesha kwamba miombo inayochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi hugeuka nyasi, ilhali inayochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, hubaki na miti yake. Katika vilima vya miombo, kuchoma vipande mwezi wa Mei au Juni kwa usimamizi wa kamati na kwa kufuata masharti ya sheria kunaweza kupunguza nyasi kavu kabla ya moto kichaa wa Septemba na Oktoba. Vichaka vya Itigi visichomwe wakati wowote, na eneo lenye machipukizi machanga lizungushiwe njia ya kuzuia moto kwa miaka yake ya mwanzo.

20. Mbuga yetu haijawahi kuwa na miti. Tuijaze?

Hapana. Mbuga za udongo mweusi zinazotuama maji masika ni malisho na makazi ya ndege na wanyama wanaohitaji uwazi, na kuzijaza miti ni kuharibu uoto mmoja wa asili kwa kisingizio cha kuleta mwingine. Miti ibaki kwenye kingo na kwenye mito ya msimu.

21. Mradi uliotusaidia umeondoka. Tutaendeleaje?

Kama sheria ndogo zimepitishwa na akaunti ya msitu ipo, kazi haihitaji mradi. Punguzeni doria zifike kiasi mnachoweza kuzilipia, mkizielekeza kwenye miezi ya hatari, yaani kiangazi kwa moto na mifugo, na kipindi cha kabla ya sikukuu kwa mkaa. Kamati ichaguliwe upya kwa wakati, kwa kuwa kamati iliyokaa muda mrefu bila uchaguzi hupoteza uhalali. Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania, MJUMITA, unaviunganisha vijiji vya aina hii na husaidia kupaza sauti zao.

22. Itachukua muda gani, na tutajuaje kama msitu unarudi?

Nyasi hufunika ardhi ndani ya msimu mmoja au miwili. Machipukizi ya visiki vyenye nguvu humzidi mtu kimo katika misimu miwili au mitatu. Kivuli cha kweli na maua ya kutosha nyuki huhitaji miaka mingi zaidi, na miti yenye matundu ya ndege ni kazi ya vizazi.

Chagueni sehemu tano au sita, pigeni kigingi cha chuma katika kila moja, na piga picha kutoka kigingi hicho kuelekea upande ule ule kila mwaka mwezi wa Mei. Katika duara la mita kumi kuzunguka kigingi hesabuni mashina yaliyo hai kwa aina, na mwandike kwa majina ya kienyeji, kwa kuwa hayo ndiyo yanayojulikana na wote. Ongezeni tarehe ambayo kijito au kisima cha karibu kilikauka, pamoja na ndege na nyayo zilizoonekana wakati wa doria. Daftari hilo likae katika ofisi ya kijiji, nakala yake iwe kwa Afisa Misitu wa wilaya, na lisomwe katika Mkutano Mkuu pamoja na taarifa ya mapato.